Ombi la Kukata Mikia ya Faili Zote

Kwa ndugu zangu watengeneza programu za kompyuta, popote Mungu alipowaweka,

Nawasalimu kwa amani. Mimi ni katibu wa kwaya, na kompyuta niliyo nayo aliniachia binti yangu alipoolewa. Naiheshimu. Kila asubuhi naifuta vumbi na kuiombea. Ila imeniaibisha, na Jumamosi hii wanakwaya wanakutana kuamua kama nibaki na ukatibu au apewe yule mama wa sauti ya pili, ambaye hata kipanya anakishika kwa kitambaa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwalimu wetu wa kwaya amesafiri, na kinanda kimeondoka naye. Nikaahidi mbele za watu kwamba wimbo wa Jumapili utaimbwa na kompyuta. Maneno nilikuwa nimeshayachapa, beti zote, na kiitikio kwa herufi nene ili kiimbwe kwa nguvu. Mwisho wa jina la faili palikuwa na kimkia, docx. Nikaona faili za nyimbo zina mkia wa mp3. Nikafuta ule, nikaweka huu. Nikaunganisha spika, nikawaita wenzangu, tukasimama. Kimya. Yule mama wa sauti ya pili akasema, "Katibu, labda inasubiri sisi tuanze."

Malalamiko yangu:

1. Nilipobadilisha mkia, kompyuta iliniuliza kama nina uhakika. Nikajibu ndiyo. Mtu mzima akishajibu ndiyo, kilichobaki ni kutii.

2. Faili ikavaa kialama cha muziki, yaani ilikubali! Kisha programu ya muziki ikasema haiwezi kuipiga. Nyumba moja, huyu anakaribisha mgeni, yule anamfungia mlango. Ndiyo malezi gani hayo?

3. Mkwe wangu, fundi simu, anasema mkia ni kibandiko tu. Kilichomo ndani hakibadiliki, na programu yenye akili ingechungulia ndani kwanza. Kwa heshima hakunicheka. Alitoka uani akachekea huko, nikamsikia. Sasa kama ni kibandiko tu, kinafanya nini pale?

4. Kwa hiyo naomba mikia yote ikatwe, dunia nzima, kabla ya Jumamosi. Kila programu ifungue kila faili, na isipoielewa ijaribu kwa imani. Sisi tumeimba na homa, tumeimba umeme umekatika. Iweje programu nzima ishindwe na herufi tatu?

Wasalimieni wote wa nyumbani, na zaidi yule anayeandika maonyo ya kompyuta. Mwambieni nimemsamehe.

Ni mimi dada yenu katika maombi,
Katibu wa Kwaya (mpaka Jumamosi)

Nyongeza: Barua hii nimeituma bila mkia, kwa msimamo. Ikigoma kufunguka, ongezeni docx mwishoni, itafunguka bila shida, nimejaribu mwenyewe. Mkiongeza mp3, tafadhali nijulisheni kama imeimba.