Uzinduzi wa Kifaru cha Bērzkalni

Mheshimiwa Mimi Mwenyewe, Ilgvars Spuriņš, Mwenyekiti wa Halmashauri, mke wangu mpendwa, Padre Staņislavs, Mkuu wa Zimamoto, ambaye ndiye zimamoto wote, wageni rasmi mliotuma udhuru, wananchi wa kijiji chetu cha Bērzkalni, hapa mpakani, itifaki imezingatiwa. (Makofi, ya mkewe.)

Ndugu zangu, mbele ya kifaru hiki cha vita kilichosimama kidete katika shamba la viazi la Mama Skaidrīte, shamba tulilolizungushia uzio mwaka juzi kupisha Kambi ya Wamarekani, nautangazia ulimwengu, hususan jirani zetu wa mashariki ambao najua wanatusikiliza, kwamba mchakato wa ulinzi shirikishi umefikia asilimia mia na nne! (Ng'ombe analia.)

Wapo wapotoshaji wanaodai Mmarekani ametukimbia. Hasha! Mmarekani ameimarisha uwepo wake kwa njia ya kutokuwepo. (Kicheko.)

(Mama Skaidrīte: "We Ilgvars, kamasi zako nilifuta mimi! Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nipe shamba langu, mbegu zinachipulia ghalani. Tutakula uzio majira ya baridi?")

Subira, mama. Ulaya nayo imeamka! Wajerumani wameunda kamati, Wafaransa wameahidi kuahidi, na Wadenmark wameleta hema lisilo na nguzo, ili wadau wengine nao wapate fursa ya kuchangia nguzo. (Sauti: fsss.) Tafadhali, mliokula njegere, tuheshimu hadhara. (Sauti: fsssss. Mzinga wa kifaru unalegea, unamwegemea Padre begani.) Naam! Mnaona wenyewe, kifaru kinatoa heshima! (Vicheko. Mkuu wa Zimamoto anakimbilia pampu ya baiskeli.)

Namalizia. Muungano juu! (Juu!) Bērzkalni juu! (Juu!) Kifaru juu! (Chini! Chini! Watu wanashika mbavu.)

Kwa namna ya pekee naishukuru kampuni ya sherehe za watoto iliyotuazima kifaru, inayoomba kirudi kabla ya jioni, kikiwa kimekunjwa vizuri. Nawashukuru pia Wamarekani, ambao siku tutakapowauliza kama wangependa kuja, naamini hawatakataa. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Mama Skaidrīte anang'oa nguzo ya uzio: "Kumbe hata kuulizwa hawajaulizwa! Haya, mwanangu, shika jembe. Mpaka waje kujibu, tutakuwa tumeshavuna." Mheshimiwa anavua tai, anashika jembe. Makofi, ya watu wote.)