Dakika Kumi na Nne za Kompyuta

Jumatatu, 4 Januari 1999

Leo nimeanza kumng'oa Tembo. Huyu ni mtunza stoo wa hoteli yetu hapa Diani, na ndiye apigaye kengele ya futari kantini. Saa yake? Hutoka nje akatazama jua! Nimemwambia meneja, Bi. Jumwa, kwamba nitapiga mimi, kwa saa ya kompyuta, bila kukosea hata sekunde. Amekubali tujaribu wiki moja. Nikifaulu, nitakuwa msimamizi wa ofisi. Kiti cha kuzunguka!

Jumanne, 5 Januari

Aibu. Kompyuta imechelewa dakika kumi na nne. Watu thelathini mbele ya uji na tende, jua limeshazama, wote wananikodolea macho. Bi. Kache wa dobi akauliza kama kompyuta nayo imefunga. Tembo alicheka mpaka akashika mbavu.

Jumatano, 6 Januari

Nimemwita Mulinge, fundi wa Ukunda. Anasema ndani ya mashine kuna kiini cha mfumo, na saa hukipigia hodi mara mia kwa sekunde. Kiini huhesabu hodi. Ndivyo kinavyojua wakati. Lakini kikishughulika na diski huziba masikio. Zikipigwa hodi tatu, husikia moja. Mbili zimepotea, na saa imebaki nyuma. Kazi ikizidi, zinapotea zaidi. Dawa ni kukifunza kiini kitazame hesabu nyingine iliyomo kwenye prosesa, isiyoruka kitu, kijue ni hodi ngapi hasa zimepotea, kiongeze hizo tu. Atakuja Jumamosi na disketi.

Jumamosi! Nani wa kungoja? Zinapotea dakika kumi na nne kwa siku, basi naongeza kumi na nne kila siku. Nimeirekebisha saa, nikaandika amri mwenyewe. Hesabu ya darasa la tatu.

Alhamisi, 7 Januari

Barabara! Kengele imelingana na saa ya mkono ya Bi. Jumwa. Tembo amenuna. Nimekijaribu kiti.

Ijumaa, 8 Januari

Balaa! Ofisi ilifungwa tangu sala ya Ijumaa. Kompyuta ilikaa bure, haikupoteza hodi hata moja, na amri yangu ikaongeza kumi na nne zake vilevile. Nikapiga kengele. Tembo akaingia mbio, anapiga kelele kwamba jua bado. Nikamwambia wivu ni maradhi, nikajiongezea uji. Bi. Kache akatoka kuhakikisha. Akarudi ameziba mdomo. Jua lile pale, juu ya minazi!

Jumamosi, 9 Januari

Ustadhi wa msikitini amesema siku imeharibika, sote tuilipe baada ya Idi. Bi. Kache alikuwa hajaacha kufunga hata siku moja. Amelia. Imeniuma, wallahi. Kisha Bi. Jumwa akampa Tembo kiti, ikaniuma zaidi. Mulinge kaleta disketi yake. Nimemrudisha nayo. Asiyefunga atanifunza saa ya kufuturu?

Alhamisi, 21 Januari

Nalipa siku yangu. Wenzangu wote wanamfuata Tembo. Shauri yao. Mimi nimo ofisini, peke yangu na mashine, haijaguswa tangu asubuhi. Kosa langu nimeshaliona: kumi na nne zilikuwa nyingi. Nimeweka kumi.

Saa imetimia. Jua linanichoma usoni kutoka dirishani. Limechelewa leo, jua. Bismillahi.