Shubiri Mbili za Waya

Idara ya Majengo ya Chuma ilitangaza, mbele ya wapiga picha wawili na keki moja, kwamba radi imedhibitiwa kwa asilimia tisini na tano. Fimbo ya shaba ilikuwa imesimikwa juu ya paa la ofisi, na waya wake ulikuwa umeteremshwa ukutani bila dosari. Asilimia tano iliyosalia ilikuwa shubiri mbili tu, kutoka mwisho wa waya hadi ardhini. Ardhi hiyo ilikuwa ya idara nyingine. Kibali cha kuigusa kilikuwa kimeombwa.

Waya ulining'inia nje ya dirisha la masijala, kando kabisa ya kiti cha karani. Mama huyo alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na alikuwa na nia ya kufika.

"Mama, sikufichi," fundi umeme alimwambia. "Radi ikishuka na waya haujafika chini, itatafuta pa kupitia. Na hapo wa kwanza ni wewe."

"Si uufukie tu, mwanangu?"

"Nichimbe bila kibali? Nina watoto, mama."

Karani alimwandikia Mkurugenzi barua tatu. Zote zilijibiwa vilevile: utaratibu ufuatwe, majibu yatatoka ndani ya siku ishirini na moja za kazi, mtumishi aache kueneza hofu. Ya nne aliiandika kwa akili nyingine. Radi hakuitaja hata mara moja. Alieleza tu kwamba waya ule ni shaba tupu, wezi wameanza kuumezea mate, na kwamba mali ya hadhi hiyo haifai kulindwa na mtumishi wa ngazi ya chini.

Mkurugenzi aliisoma mara mbili kwa raha zake. Mchana huohuo waya ulipitishwa dirishani kwake, ukafungwa kwenye mguu wa kiti chake cha chuma na kupewa namba ya mali. Wageni walikuwa wakionyeshwa kabla ya kukaribishwa chai.

Alhamisi wingu likatanda. Karani alibeba daftari na muhuri wake, akahamia kibanda cha mlinzi, ambacho ni cha matofali. Ngurumo ya kwanza ilikuwa mbali. Ya pili ilitikisa vikombe. Mara Mkurugenzi akaonekana nje na suti yake, amepiga magoti kwenye tope, anachimba kwa rula shimo la kuufukia waya.

"Bosi," karani aliita kutoka kibandani, "hiyo ardhi si yetu."

"Mama, nakuomba, lete jembe. Haraka."

"Jembe lipo. Linatoka kwa barua."

Mkurugenzi alikuja mbio, akaandika palepale kwenye kidirisha cha kibanda, karatasi ikilowa. Karani aliivuta barua ndani, akaisoma hadi mwisho, akasahihisha tarehe, akaigonga muhuri.

"Imepokelewa," alisema. "Majibu ndani ya siku ishirini na moja. Za kazi."