Shimo la Kondoo Watano

Jumatano, 25 Juni
Karamu ya Mtakatifu Petro nimepewa mimi! Jumapili mji wote wa Tláhuac unakula kwangu. Nikivurunda, mwakani heshima inahamia kwa Doña Tiburcia, jirani. Leo kwenye mashine ya kusaga mahindi kanitangaza: eti shimo langu la barbakoa, la kuokea kondoo chini ya ardhi, ni kikombe, haliivishi hata kuku. Kinyago yule! Nimemwamuru mkwe wangu Abundio achimbe jipya, limzidi kimo, liingie kondoo watano na majani ya mkonge ya kuwafunika. Kaanza: mama, hapa palikuwa ziwa, chini ni uji mtupu. Nikamwambia uji ni ubongo wake. Udongo urundikwe ukingoni pale pale, kando ya uzio. Mlima! Tiburcia auone kila akifungua dirisha.

Alhamisi, 26 Juni
Shimo limepungua! Jana lilimmeza Abundio, leo linamfika kifuani. Nikapanda uzio, nikamwuliza Tiburcia kwa nini ananirudishia udongo. Kacheka, nusura meno yamdondoke. Abundio anasema hakuna mwizi: mlima unakandamiza udongo laini, nao unapenya chini kwa chini na kuibukia sakafuni mwa shimo. Anataka tuuhamishe, tutie na mbao za kushikilia kuta. Mbao! Anachimba shimo au anaunda kitanda? Achimbe zaidi. Na mlima uongezwe.

Ijumaa, 27 Juni
Mvua. Ukuta wa shimo umeporomoka, ukazoa na uzio. Abundio alikuwa ndani ya nyumba anakunywa kahawa, Mungu mkubwa. Lakini raha! Shimo la Tiburcia nalo, lile la matofali, limepasuka likajaa maji. Nikaimba. Kisha nikasikia kondoo watano wanalia uani, na sina pa kuwapikia.

Jumamosi, 28 Juni
Abundio kauhamishia mlima mwisho wa ua, kaushindilia, kachimba shimo humo humo mlimani, juu ya ardhi. Kavu! Nimemwacha aamini ni wazo lake. Tiburcia kaleta majani ya mkonge. Kasema mimi mkaidi kuliko punda, ila nyama isioze kwa sababu ya punda.

Jumapili, 29 Juni
Ushindi! Nyama inachambuka kwa vidole. Tiburcia mwenyewe kaomba kuongezwa. Watu wamenyoosha mikono: mwakani tena mimi! Papo hapo nikatangaza: kondoo kumi, shimo refu maradufu, kando ya ukuta wa kanisa. Abundio kashika kichwa. Padre, kwa upole, kasema kanisa lenyewe limeshainamia upande mmoja. Nikamwambia asihofu, tutachimba upande wa pili, linyooke.