Mimi, Mfalme Mwewe na Uenyekiti Wangu

Jumatatu, 4 Agosti

Kitabu kimefika! "Mahari ya Mfalme Mwewe", riwaya ya mapenzi na uchawi ambayo nchi nzima inaisifia kwenye simu. Nakala ya kwanza Babati, na iko mikononi mwangu mimi, Konstantini, mwenye duka la vifaa vya shule Maisaka na mwenyekiti wa Chama cha Wasomaji. Imekuja na basi la Arusha. Nimetembea nayo stendi nzima nimeiinua juu, ili watu waone jalada. Lina maandishi ya dhahabu.

Mwalimu Hilary alikuwa anakunywa chai kwenye mgahawa wa Mwanne. Bila hata kukigusa, akasema mapenzi ya watu wenye mabawa ni upuuzi. Hilary anaumezea mate uenyekiti wangu siku nyingi. Nikasimama mbele ya wateja wote nikatangaza kwamba hiki ndicho kitabu bora kuliko vyote vya Kiswahili, na kwamba nikikisimulia Jumapili na wanachama wasipotoa machozi, najiuzulu.

Sijakisoma. Lakini kiongozi lazima awe na msimamo.

Goodness, katibu wetu, fundi cherehani wa Bonga, alinitazama sana. Nadhani ni heshima. Huenda ni zaidi ya heshima.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefika katikati. Hakuna kilichotokea. Mfalme Mwewe anamtazama msichana. Msichana anatetemeka. Vita vimeahirishwa ili waendelee kutazamana. Kila wakikaribia kubusiana, mjumbe anapiga hodi. Katika ufalme wote, anayefanya kazi ni huyo mjumbe peke yake.

Bila shaka uhondo uko mbele. Watu wote wale hawawezi kukosea. Na mimi siwezi kukosea.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wako kwenye maonesho, mimi nimejifungia kumaliza kitabu. Ukurasa wa mwisho mfalme anamwambia msichana kwamba ana siri. Siri gani? Nunua kitabu cha pili!

Nimekitupa. Kimeangusha kalenda.

Yaani Hilary alikuwa sahihi? Hapana. Hilary hakukisoma, na mtu hawezi kuwa sahihi kwa kubahatisha.

Nimekwenda kwa Mwanne kumwambia sauti imekauka, tuahirishe kikao. Akanipa tangawizi ya moto, akasimama hapohapo hadi nikaimaliza. Nikajisahau, nikamshukuru kwa sauti kubwa. Akasema unaona sasa, Mwenyekiti, umepona.

Jumapili, 10 Agosti

Ushindi!

Ukumbi wetu, yaani chumba cha nyuma cha mgahawa, ulijaa. Nikafungua kitabu, nikakitazama, nikakifunga. Halafu nikasimulia hadithi nyingine kabisa. Mfalme Mwewe akatua kando ya Ziwa Babati. Viboko wakamzuia njia. Msichana nikampeleka Sigino kwa mama yake, mama akakataa mahari ya dhahabu, akasema mkwe wake kwanza avune mbaazi. Mfalme hajui hata kufunga gunia. Mabawa yakamnasa shambani. Mwishowe akayakata mwenyewe, akabaki na makovu mgongoni, na msichana akamkanda kwa maji ya moto.

Mwanne alifuta macho kwa kanga. Watu walipiga makofi. Hilary alitazama dari.

Kasoro moja tu. Nilipokuwa napokea pongezi, Goodness alichukua kitabu mezani akakitia kwenye mkoba. Akasema anakwenda kukisoma mwenyewe.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda Bonga kwa bodaboda. Nikamwambia Goodness kitabu kinarudishwa, gundi yake imegundulika ina sumu. Alicheka hadi sindano ikamtoka mkononi.

"Kaka Konstantini, nimeshakimaliza."

"Chote?"

"Chote. Hakuna kiboko. Hakuna mbaazi. Hata mama mkwe hayumo."

Nikatazama cherehani. Cherehani nzuri sana.

"Kitabu chenyewe hakina kitu," akasema. "Ila hadithi yako, jana nimeshona gauni zima naiwaza. Uliitunga palepale umesimama?"

"Palepale."

"Basi sema Jumapili. Sema kitabu kimekuangusha, ukaona utunge yako. Nani atakuchukia?"

Nikamjibu kwamba mwenyekiti haangushwi na kitabu. Akatikisa kichwa, lakini alinimiminia chai, na kikombe alinipa kile chenye maua. Nikaona nafasi yangu ni nzuri. Nikauliza kitabu kiko wapi, nikifiche.

Amemwazima Hilary.

Jumapili, 17 Agosti

Nilijiandaa. Ningesema kuna matoleo mawili, na langu ndilo kamili.

Hilary akasimama na kitabu mkononi. Macho mekundu. Akasema, "Ndugu zangu, nilikosea. Nilikitukana kitabu sijakisoma. Nimekisoma, nimelia. Yule mjumbe akipiga hodi, moyo wangu unapasuka."

Amekipenda! Hilary! Kile kitabu!

Halafu akasema kwa upole kabisa kwamba hadithi ya Mwenyekiti haimo humo ndani, huenda Mwenyekiti atatueleza. Watu wote wakanigeukia. Goodness akaniashiria kwa kichwa: sema. Mlango wa kukiri ulikuwa wazi kabisa.

Nikasimama nikasema nilikuwa nawapima kama wanasoma kweli, na wamefeli.

Mwanne alitua sinia mezani kwa kishindo. Akauliza na machozi yake je, nayo yalikuwa mtihani? Nikamwambia yeye amefaulu. Goodness alitazama sakafu.

Wakampa Hilary makofi, kisha wakampa uenyekiti. Mimi nimefanywa mshauri. Ni cheo kikubwa zaidi, ndiyo maana hakina kazi.

Jumatatu, 18 Agosti

Goodness alipita dukani kununua bahasha. Akasema hajakasirika, amesikitika tu. Akasema yule Hilary hawakumpendea kitabu, walimpendea kule kusema "nilikosea". Akasema niende Jumapili, niseme neno hilohilo, na baada ya kikao nimsindikize Bonga kwa miguu kama nina nafasi.

Nina nafasi!

Nimemwelewa vizuri sana. Watu wa Babati wanapenda mtu anayekiri kosa. Na kama Hilary amepewa uenyekiti kwa kosa dogo namna ile, mimi Jumapili nitakiri kosa kubwa ambalo mji huu haujawahi kulisikia.

Nimeacha wateja wasubiri, nimekaa nalitafuta tangu asubuhi. Sina hata moja. Itabidi nilitunge.