Lenzi Iliyoingia kwa Wanawake

Ubeid hakuwahi kupiga video hata ya mbuzi akila majani, lakini Ukunda nzima ilimjua kuwa ni bwana kamera. Alikuwa nayo moja, kubwa kama kinu, iliyokufa zamani. Ila taa yake nyekundu ilikuwa bado yawaka. Wazazi wenzangu, tuna ugonjwa huo: twaona taa, hatuulizi kama kuna mtu ndani.

Jumatatu, dukani kwa fundi, akamwona binti wa nikabu amekumbatia kamera ndogo mpya, atafuta mkoba. Jina lake Twaiba, asema kwao Mkongani. Mate yakamjaa Ubeid.

"Asalamu alaikum, dada. Hicho ni kamera au kikopo cha wanja?"

"Waalaikumu salamu, kaka. Ni kamera. Jumamosi napiga video ya kupamba bibi harusi kwa Bi Mwanarusi, Msambweni."

"Bi Mwanarusi! Na kidude hicho! Atakuuliza kamera yenyewe umeiacha kwa nani. Tubadilishane, dada. Mimi yangu kubwa yanichosha bega."

Binti akafikiri. "Yenu ina lenzi gani?"

Swali lilimchoma. Lenzi yake iliota ukungu kama mkate wa juzi, na ajuaye kamera huanza na lenzi. Mwili ni sanduku tu.

"Utaiona Jumamosi," akasema.

Akaenda Diani kwa Mzee Haji, mkodishaji vyombo vya picha, akachukua lenzi safi kama maji ya kisima kipya. Rehani akaacha pikipiki, ile ambayo mamake aliuza ng'ombe wawili kumnunulia. Mpango ulikuwa mwepesi: amwoneshe binti lenzi nzuri, aseme "ngoja nikufutie vumbi," ageuke, apachike ile ya ukungu. Binti akigundua, yeye yuko Likoni ashauza kamera ndogo.

Jumamosi baada ya alasiri wakakutana mlangoni kwa Bi Mwanarusi. Kupamba ni kwa wanawake. Bibi harusi akaa wazi na nywele zake na maua yake, hata simu huachwa kwenye beseni nje. Twaiba akachungulia lenzi.

"Mashallah." Akampa Ubeid mkoba wake. "Yangu imo humu."

"Subiri nikufutie vumbi—"

"Wee!" Pazia likapasuka, akatoka Bi Mwanaima, somo na kungwi wa bibi harusi, mikono mipana kama ya mwogeleaji. "Mwanamume mlangoni saa hii? Huna haya?" Akaivuta kamera kwa mkanda wake, akamvuta na Twaiba, pazia likaanguka. Vigelegele.

"Shikamoo, Bi Mwanaima! Nina jambo moja tu!"

"Marahaba. Lilete kesho, na wazee wako!"

Ndani wakacheka mpaka beseni la simu pale nje likatikisika.

Ubeid akajipoza: si anayo ndogo? Akafungua mkoba. Mlikuwa na kopo la maziwa ya unga, limefungwa leso vizuri, limejazwa mchanga.

Kuingia hawezi, pazia lile lamshinda mwanamume kuliko mlango wa chuma. Akakaa barabarani kulinda.

Magharibi wanawake wakatoka, zaidi ya mia, mabuibui meusi, mikoba mkononi.

"Twaiba!" akaita.

Wanne wakaitika. Mmoja akamuuliza, "Kaka, watafuta mchumba au watafuta kofi?"

Mwisho akatoka Bi Mwanaima na ile kamera kubwa, mdomo wazi, haina jicho.

"Binti amesema turudishe sanduku lako. Lenzi ameivika ile kamera yake ndogo, aliyoitoa chini ya buibui. Kapiga video, wallahi, hata kijasho cha puani kwa bibi harusi chaonekana!"

"Yuko wapi?"

"Katoka kwa mlango wa jikoni zamani. Kwani ni nani wako?"

Simu ikalia. Mzee Haji.

"Ubeid, lenzi yangu?"

Kwa mara ya kwanza mwaka ule, Ubeid akasema kweli tupu: iliingia kwa wanawake, naye hakuweza kuifuata.

Haji akamjibu. "Mwanangu, nimekodisha vyombo miaka ishirini na nimesikia uwongo wa kila namna. Huo ni mpya. Pikipiki usiifuate."

Ubeid akashika njia kwa miguu, akipanga la kumwambia mamake, ambaye hadi leo huamini kila asemalo.