Nimemwita Bwana Mifugo Aje Kutibu Samaki

Leo nimeumbuka. Nimesimama sebuleni kwangu Sombetini, mkononi dawa ya kupe ya ng'ombe, jumuiya nzima imenizunguka na Biblia zao, na bwana mifugo ananiuliza kwa upole kama anaongea na mgonjwa: "Mama, ulitaka kuwaua watoto wa wenzio?"

Ngoja nieleze. Na majina nataja.

Wa kwanza ni mdogo wangu Elibariki. Mwaka jana nilipotoka hospitali na kiharusi, akaniletea tangi la kioo na samaki wawili, dume na jike, bapa kama visosi, bluu yenye michirizi myekundu. Wanaitwa diskasi. "Dada, uwe unawaangalia, moyo utulie." Utulie wapi! Maji ya bomba hawataki, wanataka ya mvua. (Bomba hilohilo limenipa mimi meno ya kahawia, na hakuna aliyenikingia mvua.) Wana hita ya umeme. Mimi Julai nalala na soksi.

Lakini nawapenda, nisidanganye. Nikiwasha taa wanasogea kioo kunitazama. Nani mwingine humu ndani ananitazama?

Leo asubuhi nawakuta wamekuwa weusi. Mbavuni wamejaa vidudu, vimeng'ang'ania ngozi, vinakula. Nampigia Elibariki, hapokei. Nikamwita jirani, Mama Glory. Huyo ndiye wa pili. Kwao Kikwe, wafugaji. Akachungulia mara moja tu.

"Kupe hao! Ng'ombe wa baba alikwenda hivihivi. Nakuletea dawa."

(Kupe ndani ya maji. Na mimi nikakubali. Elimu yangu ya darasa la nne hiyo.)

Nikampigia bwana mifugo aje, nina kupe. Ibada ya jumuiya leo ilikuwa zamu yangu, nikawaomba tuwaombee samaki. Wakaomba! Kupe wakakemewa kwa sauti. Tuliposema amina nikaona bwana mifugo anachelewa, nikaanza kufungua mwenyewe ile dawa aliyoleta Mama Glory. Mkono wangu wa kulia tangu kiharusi haufungui kitu. Nakazana na kifuniko, natoka jasho, hodi ikapigwa.

"Shikamoo mama. Ng'ombe yuko wapi?"

"Marahaba. Yumo kwenye kioo."

Kijana wa watu akanitazama. Akainama, akamulika tochi.

"Mama, kupe ana miguu. Hawa wana mikia. Na macho."

Hapohapo jike akajitikisa. Vile vidudu, kumbe vitoto vyao, vikamwachia vyote kwa pamoja, kama shule ikisikia kengele, vikaogelea hadi ubavuni mwa dume, vikaanza kula ute wa ngozi yake. Vinanyonya! Baba ananyonyesha, ametulia tuli, hahemi kwa nguvu asije akavidondosha. (Baba wa wanangu hakuwahi kushika hata beseni la kuwaogeshea.)

Nina miaka hamsini na mbili, nimezalisha mbuzi na ng'ombe kwa mikono hii, sijawahi kuona mzazi analiwa ngozi kwa raha namna ile. Nililia. Mama Glory naye alilia, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Kufika mchana mtaa mzima unaniita Mama Kupe.

Mkono huu nimeulaani mwaka mzima. Leo nimeubusu. Ungekuwa mzima, wale wadogo wasingekuwepo.

Sasa Elibariki, ujumbe wangu umeusoma, alama mbili za bluu naziona. Ulijua samaki hawa wananyonyesha kwa ngozi, au hukujua? Jibu hapahapa, mbele ya watu. Na ukija, njoo na pipa la kukingia mvua. Tumekuwa wengi.